Seli T dhibiti: zinazotuliza kinga baada ya chanjo

Wiki ya tano baada ya kujifungua, jirani yangu hapa Wete alinifunulia bega la mwanawe. Pale alipochomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, palivimba, pakawa pekundu, nchani usaha. Mama mkwe wake alishashika kichupa cha mafuta ya karafuu. Nikamsihi, "Bi mkubwa, tafadhali, msikitie kitu wala msikikamue." Baada ya wiki kadhaa kidonda kilikauka chenyewe, likabaki kovu dogo la mviringo.

Kilikaukaje? BCG ni bakteria hai waliodhoofishwa, jamaa wa wale wa kifua kikuu. Wanasayansi wa Ufaransa, Calmette na Guérin, waliwaotesha upya mara 230, kwa miaka 13, hadi wakapoteza ukali, na chanjo ikaanza kutumika Paris mwaka 1921. Kwa kuwa ni hai, mwili huwapokea kwa vishindo: seli nyeupe humiminika, huitana, ngozi huvimba. Vishindo hivyo lazima vikomeshwe, na miongoni mwa wanaovikomesha ni seli T dhibiti, aina ya seli nyeupe za damu, ambazo Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nobel mwaka 2025, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Seli hizi haziui bakteria. Hunyonya interlukini-2, kemikali ambayo seli T za mashambulizi huihitaji ili ziongezeke. Hutoa interlukini-10 yenye kupoza uvimbe. Tena huzibandua seli zinazotangaza hatari zile alama za kuchochea wenzao.

Mtazame mpishi wa pilau la shughuli. Maji yakikauka huvuta kuni, akapalia makaa. Moto haujazimwa, umepunguzwa, na chini ya makaa hayo wali unaiva. Ndivyo kinga inavyobaki na kumbukumbu ya bakteria hata uvimbe ukishakwisha.

Lakini kuni zikivutwa mapema, wali hutoka mbichi. Katika panya waliochanjwa BCG, seli nyingine changa zitokazo kwenye uboho zimeonekana zikikusanyika mahali pa sindano na kuzibana seli T. BCG huwakinga vizuri watoto wadogo na kifua kikuu cha utando wa ubongo, ila mapafu ya watu wazima huyakinga kidogo. Watafiti wanachunguza kama utulizaji wa mapema ni mojawapo ya sababu. Kuziondoa tu seli T dhibiti hakufai: watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya FOXP3, inayoziunda, hushambuliwa na kinga yao wenyewe, matumboni, kwenye ngozi na kwenye kongosho, tangu uchanga.

Basi kidonda cha BCG kioshwe kwa maji safi, kiachwe wazi. Tezi za kwapani zikivimba sana, au kidonda kikipitisha miezi bila kufunga, mtoto apelekwe kituoni.