Insulesheni haileti joto

Insulesheni, au kihami joto, ni kitu chochote kinachochelewesha joto kutoka upande wenye joto kwenda upande wa baridi. Maana yake inaishia hapo. Shida inaanza mtu anaposema ameiweka kwenye tela "ili ilete joto". Hapa Tabora kauli hiyo naisikia kila Juni inapokaribia, warina asali wakitengeneza matela ya bati ya kulala porini upande wa Sikonge. Mchana jua linawaka, usiku baridi inakaza, na bati tupu halimsitiri mtu na chochote.

Kihami hakina joto la kumgawia mtu. Joto la ndani ya tela linatoka kwa waliolala humo. Mtu mzima usingizini hutoa wati 70 hivi, na kazi ya kihami ni kulizuia lisikimbie upesi. Kasha la povu linalobeba samaki aina ya migebuka na barafu kutoka Kigoma linafanya kazi hiyohiyo, ila hapo joto linalozuiwa ni la nje. Hakuna povu la baridi na povu la joto. Wanaosema insulesheni ni ya Ulaya, sisi kwetu joto, wakae chini ya bati saa nane mchana ndipo tuzungumze.

Kinachohami hasa ni hewa iliyotulia. Lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni na friji sehemu kubwa ni hewa iliyofungiwa kwenye vitundu vidogo, na wenye maduka wengi hulitupa. Liokote. Milimita 50 za povu hilo huzuia joto sawa na ukuta wa chuma wenye unene wa zaidi ya mita 60. Ndiyo maana pale skwea paipu ya fremu inapogusa bati kwa nje na plaiwudi kwa ndani, joto limeshapata barabara. Asubuhi utaiona kwa macho: plaiwudi kavu, isipokuwa mistari ya unyevu iliyonyooka kufuata fremu, na matone kwenye vichwa vya skrubu. Utaambiwa tela linavuja. Halivuji; ni mvuke wa pumzi zenu uliokutana na sehemu ya baridi ukageuka maji. Ukanda mwembamba wa povu kati ya paipu na plaiwudi hupunguza sana tatizo hilo.

Halafu kuna karatasi ya kung'aa, ambayo inaniudhi kuliko yote. Inagandishwa kwa gundi kwenye bati, plaiwudi inagongewa juu yake, na mwenye tela anaamini amemaliza. Karatasi ile hurudisha joto linalosafiri kama mwanga, kwa hiyo inahitaji nafasi ya hewa, hata sentimita 2, mbele ya upande unaong'aa. Ikibanwa pande zote inabaki kuwa chuma chembamba juu ya chuma, na pesa imekwenda.

Ningeyaacha yapite kama yangekuwa maneno tu. Lakini anayeamini kihami kinaleta joto, akisikia baridi saa kumi usiku anadhani kazi haijakamilika. Anaziba matundu ya hewa na kuingiza jiko la mkaa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Povu lenyewe linashika moto, ndiyo sababu nyingine ya kulifunika kwa plaiwudi. Matundu yabaki wazi, moja chini na jingine juu. Joto litakalotoroka hapo lifidie kwa blanketi la pili.

Basi ndugu yangu, fundi akikuuliza unataka insulesheni ya joto au ya baridi, usibishane naye. Mwambie unataka povu la milimita 50 lisilokatizwa na chuma, aanzie kwenye paa, kisha kuta na sakafu.