Kuziba visima vya uchunguzi: kwa nini kifuniko hakitoshi

Matangi ya petroli au dizeli yakivuja, huchimbwa visima vyembamba kuzunguka eneo hilo ili kuchunguza maji ya ardhini. Si visima vya kuteka maji ya kunywa. Kila kimoja ni bomba la plastiki ngumu, mara nyingi lenye kipenyo cha milimita 50 hivi, lililoshushwa hadi kwenye tabaka lenye maji. Sehemu yake ya chini ina mianya myembamba ya kupitishia maji, nayo imezungushiwa mchanga safi. Juu ya mchanga huo huwekwa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, ili maji ya juu yasiteremke ubavuni mwa bomba. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji na huelea juu yake, mianya hupangwa ipite usawa wa maji, la sivyo mafuta yatakuwepo na kisima hakitayaona.

Miaka inapita, watu wanakuja kupima kina cha maji na kuchota sampuli. Kinachotafutwa zaidi ni benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Siku vipimo vinapoonyesha kwa mfululizo kwamba uchafuzi umeshuka vya kutosha, na mamlaka ya mazingira ikaridhia kwa maandishi, visima vimemaliza kazi. Hapo ndipo vinapozibwa. Kuviziba kabla ya ridhaa hiyo ni hasara, maana vikihitajika tena itabidi kuchimba upya.

Nasema kuziba, si kufunga, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kisima hufungwa kwa kifuniko na kufuli, kesho kikafunguliwa. Kuziba ni kukijaza chote, toka chini hadi juu, kwa kitu kisichopitisha maji, ili pale palipotobolewa pasiwe njia tena. Kisima kilichoachwa wazi ni mrija ulionyooka kutoka juu ya ardhi hadi kwenye maji. Kifuniko kikivunjwa na gari, chochote kitakachomwagika hapo kitafika chini bila kuchujwa na udongo. Na kama kisima kimepita tabaka mbili za maji, uchafu wa tabaka ya juu unaweza kushukia ya chini iliyokuwa safi. Inauma kuona kitu kilichochimbwa kulinda maji kikigeuka mlango wa kuyachafulia.

Kazi huanza kwa kupima. Futi yenye uzito nchani hushushwa hadi igonge chini, kisha kina hulinganishwa na kumbukumbu za siku ya uchimbaji. Kumbukumbu zikisema mita 12 na futi ikakwama kwenye mita 9, kuna tope au kitu kimenasa, na lazima kitolewe kwanza. Pampu, mipira na vipimo vilivyosahaulika humo navyo hutolewa.

Halafu hukorogwa uji wa saruji, mara nyingi ukiongezwa bentonaiti kidogo ili usisinyae sana unapokauka. Kosa linalojirudia ni kuumimina kutoka juu. Ukimiminwa hivyo unachanganyika na maji yaliyomo na kuwa mwepesi, au unanasa katikati na kuacha uwazi chini yake, huku kwa juu kisima kinaonekana kimejaa. Njia sahihi ni kushusha bomba jembamba hadi chini kabisa na kusukuma uji kupitia humo. Uji unapanda ukisukuma maji mbele yake, na maji hayo hukusanywa kwenye pipa, kwani huenda bado yana mafuta. Usukumaji huendelea hadi uji utoke juu ukiwa mzito kama ulivyoingia.

Hapa hesabu ndiyo shahidi. Bomba la milimita 50 lenye kina cha mita 12 linachukua takriban lita 24. Likijaa kwa lita 15 tu, kuna uwazi umebaki mahali. Likinywa lita 40, uji umepenya kwenye mchanga au unatorokea kwenye ufa, na inafaa ijulikane ni wapi.

Pale ambapo kisima kilijengwa vibaya, au hakuna kumbukumbu za bentonaiti iliyozunguka bomba, kujaza ndani pekee hakutoshi: maji yataendelea kushuka kwa nje. Hapo bomba hung'olewa, au mashine huchimba upya shimo pana kuliko la mwanzo na kuondoa kila kitu, kisha shimo lote hujazwa uji. Ni gharama zaidi, lakini kwenye eneo lililochafuka sioni kwa nini mtu abahatishe.

Kesho yake uji huwa umetitia kidogo, hivyo huongezwa. Bomba hukatwa chini ya usawa wa ardhi, shimo likafukiwa, na mahali pale pakaandikwa kwenye ramani pamoja na kina, kiasi cha uji na tarehe, kwa ajili ya atakayekuja kuchimba msingi hapo.