Maziwa hayashushi vumbi kifuani

Ukipita Shimanzi au Changamwe, mjini Mombasa, utawakuta vijana waliotoka kupakua saruji, nyusi zimegeuka nyeupe, kila mmoja na pakiti yake ya maziwa. Imani ni ya zamani: maziwa hushusha vumbi kifuani. Wapo waajiri wanaoyagawa badala ya barakoa, na hapo ndipo penye hatari.

Maziwa hupita kwenye umio yakaingia tumboni. Vumbi hufuata njia ya hewa hadi mapafuni. Hayakutani. Kikohozi kikitulia ukishakunywa, ni koo tu limelainika. Hata maji yangetosha. Vumbi la silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga), litokalo hasa kwenye kukata mawe na zege, huacha makovu mapafuni yasiyofutika, na mara nyingi dalili hujitokeza baada ya miaka mingi.

Dawa ni kulizuia lisivutwe: kulowesha jiwe kabla ya kulikata, kuacha hewa ipite, na barakoa inayoshika uso sawasawa, si leso. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Aliyekwisha kuanza kubanwa kifua amweleze daktari kazi anayofanya, maana maradhi ya kazini nayo yamo kwenye sheria ya fidia ya mwaka huohuo.