Umeanguka na mkono hauinuki? Acha kuchua, nenda kapimwe

Wagonjwa huniita daktari. Mimi ni fiziotherapisti, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, yaani yule utakayeshinda naye miezi baada ya daktari wa upasuaji kumaliza kazi yake ya saa chache. Maswali haya ya kano za bega zilizokatika naulizwa kwenye kitanda cha mazoezi, karibu kila wiki, na wengi wanaoniuliza wamechelewa.

Kano za bega ni zipi?

Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa begani kama chungwa juu ya kisosi. Kinachozuia chungwa lisiporomoke ni misuli minne midogo inayotoka kwenye bapa la bega. Ncha zake, ambazo ndizo kano, zimekikumbatia kichwa hicho. Kano ikikatika, msuli hauna tena cha kuvuta.

Nitajuaje kama imekatika au ni bega lililoganda?

Kaa wima, mtu akuinulie mkono taratibu. Bega lililoganda halimtii hata yeye. Kano ikikatika, mara nyingi yeye anauinua vizuri, ila akiuachia, mkono unaanguka au unatetemeka ukijaribu kuushikilia. Lakini kama umeanguka leo, bega limevimba au limebadilika umbo, usijaribishe chochote. Anza na hospitali, maana huenda mfupa umevunjika au bega limechomoka.

Dalili nyingine wanaziona wake kabla yetu. Mama mmoja aliniambia, "Baba siku hizi anakula ugali kiwiko kikiwa juu, kama anapiga tarumbeta." Nilimkalisha mzee, nikambana kiwiko ubavuni, nikamgeuzia kiganja nje na kumwambia akishikilie hapo. Nilipoachia tu, mkono ukarudi tumboni kama mlango wenye springi. Alikuwa ameanguka na pikipiki miezi kumi na moja nyuma.

Nilichuliwa wiki tatu na maumivu yakapungua. Si nimepona?

Hapana. Maumivu kupungua si kupona. Kano iliyokatika inaweza kutulia kabisa huku mkono hauna nguvu. Nguvu imerudi? Unaweza kuweka sufuria kwenye shelfu kwa mkono huo peke yake? Kama huwezi, ndugu yangu, hujapona, umenyamazishwa tu.

Nirudie, kwa sababu hili ndilo linalonichosha: ukianguka, mkono ukakataa kuinuka, usichue. Usichue kwa mafuta ya nyonyo, usichue kwa dawa ya duka la dawa, usimpelekee fundi wa mifupa auvute "urudi mahali pake". Kano iliyoachana na mfupa hairudi kwa kuvutwa. Kila wiki unayokaa kuchuliwa ni wiki unayomnyang'anya daktari wa upasuaji.

Kwani haraka ya nini? Si anaweza kushona wakati wowote?

Hawezi. Kano iliyokatika hujivuta kurudi nyuma kama mpira wa manati. Msuli wake, kwa kukosa kazi, unasinyaa, kisha mafuta yanaingia katikati ya nyuzi zake. Mafuta hayo hata upasuaji ukifanikiwa hayaondoki. Wakati huo kichwa cha mfupa kinapanda juu na kuanza kusugua paa la bega. Aliyekatika kano kwa ajali, nafasi yake nzuri ya kushonwa ni wiki za mwanzo. Baada ya miezi kadhaa, daktari akifungua anaweza kukuta kano fupi iliyooza, isiyofika kwenye mfupa hata ukiivuta.

Uwe macho zaidi kama umepita miaka 40 na bega lilichomoka likarudishwa. Watu hufurahi kuwa limerudi, wanafunga kitambaa shingoni, wanakwenda nyumbani. Katika umri huo, bega likichomoka kano nayo mara nyingi huchanika. Ikifika wiki ya pili au ya tatu mkono bado hauinuki, rudi.

Eksirei ilionyesha niko sawa.

Eksirei inaonyesha mfupa. Kano haionekani. Omba ultrasaundi ya bega au MRI (kipimo cha picha kwa sumaku), na umwone bingwa wa mifupa. Kwa Tanzania, hospitali kama MOI pale Muhimbili au KCMC Moshi wanao. Chukua rufaa mapema, foleni nayo ina muda wake.

Nimechomwa sindano ya bega mara nne. Niongeze?

Acha. Sindano ya steroidi inapunguza uvimbe na maumivu, haiungi kano, na ikirudiwarudiwa inaidhoofisha hata ile iliyobaki. Nani amekuchoma mara nne bila kukupima?

Nimeambiwa kano yangu haishoneki tena, nihamishiwe nyingine. Ni kitu gani hicho?

Daktari anachukua kano ya msuli mwingine ulio mzima, anaitoa mahali pake na kuifunga kwenye kichwa cha mfupa wa mkono ifanye kazi ya ile iliyokufa. Kwa kano za juu na nyuma ya bega, msuli uliozoeleka ni ule mpana wa mgongo, unaopita chini ya kwapa. Christian Gerber na wenzake, Uswisi, waliuandika kwa tatizo hili mwaka 1988. Siku hizi wengine huchukua sehemu ya chini ya msuli wa trapezi (ule wa shingo na mgongo wa juu), ambao uelekeo wake wa kuvuta unafanana zaidi na ule uliokatika. Kwa kuwa haufiki, huungwa na kipande cha kano nyingine, mfano ya nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe. Kano ya mbele ikiwa ndiyo imekufa, hutumika msuli wa kifua.

Sasa sikia. Huu ni mpango wa pili. Msuli wa kuazima hautakuwa sawa na wa asili. Usikae ukisema "nitahamishiwa tu".

Kila mtu anafaa?

La. Kwa kawaida hufanyiwa mtu ambaye bado ana umri wa kazi, gegedu la bega lake halijalika, na msuli mkubwa wa nje ya bega unafanya kazi. Bega lililokakamaa hulainishwa kwanza kwa mazoezi. Mzee ambaye bega limeshalika huenda akafaa zaidi bega la bandia lililogeuzwa, ambalo chungwa linawekwa palipokuwa na kisosi. Na wapo wazee wengi tu wenye kano zilizochakaa ambao mazoezi peke yake yanawatosha. Mvuta sigara aache kabla, mwenye kisukari ashushe sukari, la sivyo kano haishiki.

Baada ya upasuaji itakuwaje?

Wiki sita hadi nane mkono unakaa kwenye kifaa kinachoutenga na mwili, usiku na mchana. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kijana mmoja alivua kifaa wiki ya tatu kwa sababu kulikuwa na harusi na suti haikumtosha. Alirudi kwangu mkono unaning'inia.

Kisha tunaanza kuufundisha msuli. Ule wa mgongo, maisha yake yote kazi yake ilikuwa kushusha mkono na kuuvuta ndani. Leo unauambia uinue na kugeuza nje! Namwambia mgonjwa abane kiwiko kama ameshikilia gazeti kwapani, halafu ainue huku amebana. Wiki za kwanza hakuna kitu. Siku moja mkono unapanda kidogo na yeye mwenyewe anashangaa. Mazoezi ni miezi sita au zaidi, na matokeo kamili huchukua hadi mwaka.

Nitabeba tena mfuko wa saruji?

Wa kilo 50 begani, usitegemee. Kula, kuvaa shati, kuchana nywele, kulala bila kuamshwa na maumivu, kazi nyepesi za mezani: hayo ndiyo tunayoyatafuta, na wengi huyapata.

Mimi imepita miaka miwili. Nina haja ya kwenda tena?

Nenda. Beba picha zote ulizopigwa, hata za zamani, pamoja na majina ya dawa ulizochomwa. Na huyo anayekuchua, mwambie wiki hii huji.