Je, wajua kwa nini fleti hunuka choo wakati hakuna aliyekuwepo nyumbani?

Desemba, familia inafunga fleti yake Dar es Salaam na kupanda basi kwenda Moshi. Wiki tatu baadaye wanarudi, ufunguo unazungushwa, na uvundo unawapokea kabla hawajatua mabegi. Choo waliacha kisafi, taka zilitolewa, friji haina kilichooza. Wa kwanza kulaumiwa ni jirani wa juu.

Mara nyingi jirani hana kosa. Nenda bafuni, inama kwenye tundu la sakafuni la kutolea maji. Chini ya kile kichujio bomba limepinda, na ndani ya pindo hilo hubaki maji, kina chake kama sentimita 5 tu. Mafundi bomba huliita trapu. Maji hayo machache ndiyo yanayoizuia hewa ya bomba kuu, lile linalopokea vyoo vya ghorofa zote, isipande hadi ndani kwako. Ujanja huu si wa jana: Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyekuwa London, alipewa hataza ya choo chenye bomba la kupinda mwaka 1775.

Joto la Januari unalijua. Maji yale hukauka polepole, na yakiisha njia imefunguka. Bafu la wageni lisiloogewa halingoji hata watu wasafiri. Zamani sakafu ilioshwa kwa ndoo, maji yakasukumwa kwa fagio hadi tunduni, na trapu ikajaa bila mtu kukusudia. Leo tunapiga deki kwa kitambaa kilichokamuliwa, sakafu inang'aa, trapu inakufa kiu.

Hilo si la kuchekea. Mwaka 2003 huko Hong Kong, katika maghorofa ya Amoy Gardens, wakazi zaidi ya 300 waliugua SARS, ugonjwa hatari wa mapafu unaoambukiza. Wachunguzi wa afya walipofuatilia mabomba walieleza kwamba trapu nyingi za sakafuni zilikuwa kavu, kwa kuwa watu walipiga deki badala ya kumwaga maji, na kwamba feni za bafuni huenda ndizo zilizovuta hewa chafu kutoka kwenye bomba.

Feni, naam. Hapa ndipo wengi tunapojikaanga kwa mafuta yetu. Unasikia harufu, unawasha feni ya kutolea hewa, umefunga madirisha yote. Feni inatoa hewa nje; hewa nyingine lazima iingie kushika nafasi yake. Itapitia wapi? Chini ya mlango wa koridoni, kwenye tundu ambalo fundi aliacha kuzunguka bomba la sinki, kwenye trapu kavu. Kwa hiyo harufu ya dagaa wa jirani umeialika mwenyewe. Ukiwasha feni, acha dirisha moja wazi kidogo.

Kujua inakoingilia, kipimo unacho kabatini: kijiti cha udi. Washa, zima feni, funga dirisha, kisha kisogeze polepole chini ya sinki, kandokando ya mabomba, kwenye kizingiti cha mlango. Palipo shwari moshi hupanda wima. Penye upenyo hulala ghafla kuelekea ndani ya chumba, kama umepulizwa. Hapo paka silikoni, au saruji kama tundu ni kubwa. Mlangoni bandika mpira wa chini. Manukato ya kupuliza hayazibi kitu. Yatakupa shombo yenye harufu ya waridi.

Sikiliza pia. Jirani wa juu akivuta maji ya choo, na tundu lako likalia "glu glu", trapu yako inanyonywa. Kwa kawaida bomba la kupumulia, lile linalotokeza juu ya paa, limeziba au halikuwekwa kabisa. Hilo si la kulimaliza kwa ndoo. Ni la mwenye nyumba na fundi wake. Vilevile chungulia kama kikombe cha ndani ya tundu kipo. Wapo wanaokitoa ili maji yaende haraka, wasijue kwamba kikombe chenyewe ndicho trapu.

Trapu iliyokauka dawa yake ni jagi moja la maji. Unaposafiri, mwaga maji katika kila tundu, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu na kuchelewesha maji kukauka. Usisahau sinki la stoo.

Na kama umeziba kila upenyo na bado saa mbili usiku nyumba inanukia samaki wa kukaanga, tazama dirisha la jiko. Kama linatazamana na la jirani kwenye uwazi wa katikati ya jengo, silikoni haitakufaa. Funga dirisha hilo, fungua la upande wa barabarani, na umuulize jirani kwa upole hupika saa ngapi. Huenda hajui kama harufu inavuka: pua yake ilishaizoea zamani.