Familia za Kizimbabwe Afrika Kusini: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana ya kwanza, ambayo husikika mara nyingi, ni kwamba Wazimbabwe waliovuka mpaka wa Beitbridge kwenda Afrika Kusini ni watu wasio na elimu ambao hata kwao hawakuwa na kazi. Ukweli ni kwamba mfumuko wa bei haukumbagua mtu. Julai 2008, takwimu rasmi za Zimbabwe zilionyesha bei zimepanda kwa asilimia milioni 231 kwa mwaka, na Januari 2009 Benki Kuu ikatoa noti ya dola trilioni 100. Akiba na pensheni za watu waliofanya kazi maisha yao yote zikayeyuka, na mshahara wa mwalimu ukashindwa hata kulipa nauli yake ya kwenda shuleni. Ndiyo maana miongoni mwa waliohama wamo walimu, wauguzi na mafundi, wengine wakiwa leo watumishi wa nyumbani au vibarua wa mashambani.

Husemwa pia kwamba wageni wameijaza nchi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban watu milioni 2.4 waliozaliwa nje ya Afrika Kusini, wa mataifa yote, katika nchi ya watu milioni 62. Wazimbabwe walikuwa karibu nusu ya hao.

Dhana inayoziumiza familia zaidi ni ile isemayo kwamba mtu akishakaa miaka mingi, akalipa kodi na kusomesha watoto, hatimaye huwa mkaazi wa kudumu. Wazimbabwe wengi wanaishi kwa kibali maalumu, ambacho mfumo wake ulianza mwaka 2010 na kuongezwa muda mara kadhaa, na ambacho kimewahusu watu wapatao 178,000. Kibali hicho kinamruhusu mwenye nacho kufanya kazi, kusoma na kuendesha biashara, lakini kinasema wazi kwamba hakimpi haki ya kuomba ukaazi wa kudumu, hata akikaa miaka mingapi. Mwaka 2021 serikali iliamua kukikomesha. Juni 2023, Mahakama Kuu mjini Pretoria ilitamka kwamba uamuzi huo haukuwa halali, kwa kuwa wahusika hawakushauriwa ipasavyo na athari zake kwao na kwa watoto wao hazikupimwa. Muda umesogezwa tena hadi Mei 2027. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ugumu wa kuanza maisha upya ulipo hasa: si rahisi kununua nyumba, kukopa benki wala kumpangia mtoto masomo ya chuo wakati ruhusa ya kuwapo nchini ina tarehe ya mwisho.

Kuhusu watoto, wengi huamini kwamba anayezaliwa Johannesburg au Musina ni raia tangu siku hiyo. Sivyo. Mtoto wa wazazi wa kigeni wasio na ukaazi wa kudumu hapati uraia kwa kuzaliwa tu. Sheria inamruhusu kuuomba anapofikisha miaka 18, iwapo ameishi nchini tangu kuzaliwa na kuzaliwa kwake kulisajiliwa. Sharti la usajili ni zito kuliko linavyosikika, kwa maana mzazi ambaye kibali chake kimekwisha hupata taabu kubwa kumsajili mwanawe, na kosa la karatasi la mama humfuata mtoto hadi utu uzima.

Wapo, kwa upande mwingine, wazazi wanaowaficha watoto nyumbani wakidhani kwamba bila cheti cha kuzaliwa shule haziruhusiwi kuwapokea. Katiba ya Afrika Kusini inampa kila mtu, si raia pekee, haki ya elimu ya msingi, na Desemba 2019 Mahakama Kuu mjini Makhanda iliamua kwamba mtoto asizuiwe kusoma kwa kukosa hati, awe mwenyeji au mgeni. Mzazi anayekataliwa mlangoni mwa shule anastahili kuambiwa habari ya hukumu hiyo.