Kishikwambi Kimoja, Watoto Sabini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwanzoni mwa mwaka, kwenye kikao cha wazazi, tulipofika kwenye "mengineyo" alisimama mzee mmoja mkulima wa zabibu, babu wa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu ananiambia siku hizi wanaandika na kusomwa na watoto wa Pangani. Sisi hapa umeme wenyewe leo upo, kesho haupo. Hayo si mambo ya shule za kulipia?" Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwa sentensi mbili tu, kwa sababu jua lilishapanda na watu walitaka kuwahi palizi. Ninayoandika hapa, juu ya kufundisha kwa kifaa kimoja na kuandika blogu ya darasa, ndiyo niliyotaka kumjibu yeye, na wengine ninaowasikia ofisini kwa walimu na kwenye daladala ya kwenda Majengo.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Darasani nina watoto sabini. Kifaa nilichonacho ni kishikwambi kimoja, miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kisha vikagawiwa walimu.

"Bila kompyuta kwa kila mtoto, msijisumbue"

Wanaosema hivi wameona picha za madarasa ya ng'ambo, kila mtoto na mashine yake mezani. Lakini darasa mseto halihesabiwi kwa wingi wa vifaa. Ni namna ya kuligawa somo: kuna wanachojifunza kwa mwalimu, kuna wanachojifunza kwenye kifaa, na kuna wanachojifunza wao kwa wao.

Kwangu inakwenda hivi. Watoto wako kwenye makundi saba, kila kundi watoto kumi. Katika kipindi kimoja cha Kiswahili, kundi la kwanza linatoka na kishikwambi hadi chini ya mwarobaini, linasikiliza hadithi na kufuatisha maandishi. Kundi la pili linakaa nami. Waliobaki wanaandika rasimu kwenye madaftari au wanasomeana wawili wawili. Kipindi kinachofuata makundi yanasogea hatua moja.

Watu hutazama lile kundi la nje kwa sababu ndilo lenye kifaa. Mimi hutazama lile lililo mbele yangu. Watoto kumi ndani ya dakika 40 ni dakika nne kwa kila mtoto, na baada ya vipindi saba nimeshawasikia wote wakisoma, mmoja mmoja, kwa sauti yake. Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao na kusoma pamoja na darasa zima sikuwahi kulifanya hilo. Nilikuwa na watoto waliokariri ukurasa kwa kusikia wenzao, wakiusoma bila kutazama, na sikujua hadi mwisho wa muhula. Kishikwambi hakikuwafundisha hao kusoma. Kilinipa nafasi ya kuwagundua.

"Mpe mtoto kifaa, kitamfundisha chenyewe"

Hii inatoka upande wa pili, na mara nyingi kwa watu wenye nia njema wanaotaka kutuletea misaada. Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya milioni moja kwa wanafunzi, kutoka mradi wa One Laptop per Child. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu imeitaja kuwa mfano wa kuonya: mashine zilifika, hazikuingizwa kwenye ufundishaji, na kujifunza hakukupanda.

Tuna mfano wa nyumbani pia. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili kwenye vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga. Watoto karibu 3,000, wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasa, walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa sola. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Mtu akinisimulia habari hiyo humalizia kwa kusema, "Umeona? Bila mwalimu!" Nimeona, na nimefurahi kwa kila mtoto aliyejua kusoma pale. Ila tuhesabu na upande wa pili. Ikiwa waliokuwa hawajui walikuwa zaidi ya tisa katika kumi, na wamepungua nusu, basi baada ya mwaka na robo wapo wengi ambao neno moja lilikuwa bado halisomeki, kifaa kikiwa mkononi. Na jaribio lile lililinganisha kuwa na kishikwambi na kutokuwa nacho, mahali ambapo shule ilikuwa mbali na watoto hao. Halikusema lolote juu ya kumwondoa mwalimu aliyepo.

"Lazima kuwe na intaneti"

Hapana. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili kwenye kadi ya kumbukumbu, na nyingine, Kolibri, imeundwa makusudi kwa shule zisizo na mtandao. Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mimi huvipakua usiku nyumbani kwa bando langu, asubuhi naingia darasani nikiwa navyo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, hadi za msingi zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, wapo watoto waliofuatilia vipindi kwa redio, na redio ni teknolojia kama zilivyo nyingine. Kuhusu umeme, jua la Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba halina mpinzani. Adui wetu ni vumbi: funga kifaa kwenye mfuko usiopitisha vumbi kila siku, bila kuruka.

"Mtoto wa darasa la nne ana nini cha kuandika?"

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo roho yangu ilipo.

Insha tulizofundishwa kuandika zilikuwa na msomaji mmoja: mwalimu mwenye kalamu nyekundu. "Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne." Mwalimu alishajua kwamba ng'ombe ana miguu minne. Mtoto naye alijua kwamba mwalimu anajua. Sasa huyo mtoto anamwambia nani nini?

Mwalimu Célestin Freinet wa kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, aliliona hilo miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1924 alileta darasani mashine ndogo ya uchapaji. Watoto walipanga herufi kwa mikono yao, wakachapa habari za maisha yao, wakazituma kwa watoto wa shule nyingine ya mbali, na wao wakatumiwa. Blogu ya darasa ni kazi ileile kwa chombo kingine. Na mwaka 2012, Scotland, mtoto wa miaka 9 alianza kuandika kila siku juu ya chakula cha shuleni kwake, pamoja na picha ya sahani. Halmashauri ilimkataza kupiga picha, watu wakapaza sauti, katazo likaondolewa, na michango ya wasomaji wake ikajenga jiko la shule nchini Malawi. Alichoandika ni chakula cha mchana tu. Nani kati ya wanafunzi wetu hana la kusema juu ya uji wa saa nne?

Sisi tulianza mwaka jana na darasa moja la Pangani, ambako nina mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo. Watoto wetu waliandika juu ya zabibu, mbuyu, mlenda na treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Wale wakaandika juu ya ngalawa na kupwa kwa maji. Kisha yakaja maswali. "Mbuyu mnapanda au unaota wenyewe?" "Mlenda mnauanikaje?" Sijawahi kuona watoto wakilikimbilia daftari kama siku ile. Mmoja, ambaye kwa kawaida huandika mistari mitatu na kuweka kalamu chini, aliandika kurasa mbili juu ya mlenda, akarudi nyumbani kumuuliza mama yake vipimo vya magadi kwa sababu alitaka awe na uhakika. Kosa lake la zamani, kuandika "apa" badala ya "hapa", nilikuwa nimelisahihisha muhula mzima bila mafanikio. Mtoto wa Pangani aliuliza tu, "Apa ni kijiji gani?" Halikurudi tena.

Kwa hiyo wanaosema uandishi wa namna hii utaharibu Kiswahili na mwandiko, nawajibu kwa kanuni ya darasa letu: hakichapwi kitu ambacho hakijaandikwa kwanza kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya mwenzako. Mwandiko wao umekuwa mzuri zaidi kwa sababu yule wa kuchapa lazima ausome. Na Kigogo nyumbani hakitupingi. Mtoto anamrekodi bibi kwa Kigogo, kisha anaketi na mwenzake kutafuta namna ya kulisema jambo lile kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni nzito kuliko insha yoyote niliyowahi kuwapa.

"Ni watoto tu, picha ina shida gani?"

Wapo wanaoogopa mtandao wote, na wapo wasioogopa chochote. Wa kwanza naweza kuelewana nao. Wa pili wananinyima usingizi.

Niliwahi kuiona picha ya mtoto wa shule, miguu peku, shati limechanika, ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp na maneno ya kuomba msaada. Jina lake lilikuwepo, la shule lilikuwepo. Mama yake aliiona kwenye simu ya jirani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama huyo hakuwa na hasira, alikuwa na aibu, na aibu ile haikupaswa kuwa yake.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitazama taarifa za mtu kuwa kitu cha kulindwa. Tena Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kuilipia. Mwaka 2020 zikatungwa nyingine mahali pake. Mwalimu anayefungua ukurasa wa wazi Jumamosi jioni, kwa moyo mweupe, anaweza kujikuta mahali asipopajua. Kabla ya kuchapisha hadharani, mwone mwalimu mkuu na afisa elimu, muulize TCRA.

Ndiyo sababu blogu yetu haiko wazi kwa dunia. Maandishi yanakaa kwenye kishikwambi, na mimi na mwalimu mwenzangu ndio tunaotumiana mafaili. Mitandao mingi haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 13 kuwa na akaunti, basi hakuna mwanafunzi wangu mwenye akaunti. Kila mtoto amejichagulia jina la uandishi: yuko Kware, yuko Zeze, yuko Mbuyu Mdogo. Nyuso hatupigi picha. Tunapiga michoro yao, mikono yao, vyungu. Njia anayopita mtoto kwenda nyumbani haiandikwi. Wazazi wote wamesaini au kuweka dole gumba kwenye barua ya Kiswahili niliyowasomea kwa sauti, na wawili waliokataa, watoto wao wanaandika kama wenzao, ila kazi zao zinasomwa humu humu darasani.

"Haya ni ya walimu vijana"

Mwenzangu wa darasa la tano anastaafu mwakani. Anachapa kwa kidole kimoja. Watoto wake wanaandika vizuri kuliko wangu, kwa kuwa anajua kumuuliza mtoto "halafu ikawaje?" na kunyamaza hadi ajibiwe.

Yule mzee wa zabibu, mwezi wa sita mjukuu wake alimrekodi. Alisimulia aliyosimuliwa na baba yake juu ya Mtunya, njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipochukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Mjukuu aliandika kurasa nne. Pangani wakajibu kwa swali moja: "Babu, mbegu za kupanda mwaka uliofuata walizitoa wapi?"

Nilimsomea swali hilo akiwa amesimama mlangoni kwa ofisi, kofia mkononi. Alikaa kimya kidogo. Akasema hilo yeye hakusimuliwa, lakini ana dada yake mkubwa Mvumi, na Jumapili ataenda kumuuliza.